Macho mawili, nguvu mbili: kuchagua lenzi na utando pale miwani isipolingana

Umetoka kupimwa macho na cheti mkononi: jicho la kulia −1.50, la kushoto −5.50. Dukani unaulizwa unataka lenzi za kawaida, za kati au nyembamba, kisha unatajiwa utando wa kuzuia mng'ao, utando wa mwanga wa bluu, na lenzi zinazogeuka rangi juani. Kila jibu lina bei yake. Tatizo ni kwamba maelezo mengi ya kaunta yanamfaa mtu ambaye macho yake mawili yanakaribiana. Mwongozo huu ni wa yule ambaye yake hayakaribiani.

Kwa mwenye haraka: anza na fremu ndogo, weka lenzi za 1.60 (namba ya jinsi lenzi inavyopinda mwanga) pande zote mbili, weka utando wa kuzuia mng'ao pande zote mbili, na pima umbali wa mboni kwa kila jicho peke yake. Hayo manne ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Yanayofuata yanaeleza namna ya kuyafanya, na lini ufanye vingine.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Cheti cha miwani cha karibuni, chenye SPH (nguvu kuu ya lenzi), CYL (nguvu ya ziada ya upande mmoja wa lenzi) na AXIS (pembe ya CYL) za kila jicho, pamoja na ADD (nguvu ya kuongeza ya kusomea) kama umeshaanza kuhitaji lenzi za kusomea.
- Umbali wa mboni wa kila jicho, kutoka katikati ya pua. Namba moja kama 63 haitoshi. Unataka mbili, mfano kulia 30.5 na kushoto 32.5.
- Miwani yako ya zamani, hata kama imevunjika. Fundi ataipima kwenye lensometa, mashine ya kupima nguvu ya lenzi, na kuona ulizoea nini.
- Rula ya milimita.
- Orodha fupi ya kazi za macho yako: kuendesha gari usiku, kompyuta, kushona, bodaboda, kupandisha wageni mlimani.

Miwani ya kusomea ya tayari, ile inayouzwa stendi na sokoni, iache. Ina nguvu sawa kulia na kushoto, kwa hiyo jicho lako moja tu ndilo litakalosoma na jingine litabaki abiria.

Hatua ya 1: Pata tofauti halisi

Kama macho yote ni hasi au yote ni chanya, toa: −5.50 na −1.50 ni tofauti ya 4.00. Kama moja ni hasi na jingine chanya, jumlisha: −2.00 na +1.00 ni tofauti ya 3.00. Kama kuna CYL yenye alama ya kutoa, ijumlishe na SPH kabla ya kukadiria unene, kwa sababu lenzi ya −1.00 yenye CYL −3.00 ina upande unaofanya kazi kama −4.00.

Macho huhesabiwa kuwa hayalingani tofauti inapofika dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.00. Chini ya hapo, nunua kama kila mtu anavyonunua. Ikifika 2.00, soma kila hatua.

Nadharia ni hii tu: lenzi hasi hupunguza picha, lenzi chanya huikuza. Kila dayopta moja ya tofauti huleta utofauti wa ukubwa wa picha wa kama asilimia 1 hadi 1.5 kati ya jicho na jicho. Ubongo huvumilia kiasi. Utofauti ukikaribia asilimia 5, watu wengi hushindwa kuziunganisha picha mbili vizuri, ndipo kichwa kinapouma na sakafu inapoonekana imeinama.

Hatua ya 2: Hakikisha miwani ndiyo jibu

Ruka hatua hii tu kama tofauti yako ni chini ya 3.00 na wewe ni mtu mzima.

Mtoto asiyelingana macho asianzie duka la miwani. Ubongo wake unaweza kulizoea jicho zuri na kuliacha jingine, likawa jicho vivu, na tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Mpeleke kwa daktari wa macho. Moshi kuna idara ya macho ya hospitali ya KCMC, ambako pia wataalamu wa optometria wanasomeshwa. Mtoto huvaa nguvu aliyoandikiwa, kila siku, mchana kutwa. Usimwombe fundi "apunguze kidogo ili zifanane". Hilo ni kosa kubwa kuliko yote yaliyomo humu, maana linaondoa tiba yenyewe.

Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja naye mara nyingi hubaki na tofauti kubwa. Kama jicho la pili litapasuliwa karibuni, usimnunulie lenzi ghali sasa. Mtafutie za kawaida za kumvusha, au asubiri, kwani upasuaji wa pili unaweza kuiondoa tofauti hiyo kabisa. Vipimo vya miwani baada ya upasuaji husubiri jicho litulie, kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Mtu mzima mwenye tofauti ya 4.00 na zaidi, uliza kuhusu lenzi za kuvaa ndani ya jicho (contact lens). Zinakaa juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo utofauti wa ukubwa wa picha hushuka sana: kwa −1.50 na −5.50, kutoka kama asilimia 5 hadi kama asilimia 1. Zina masharti yake ya usafi, na vumbi la Arusha la Agosti halizipendi. Hata ukizichagua, utahitaji miwani ya akiba, basi endelea kusoma.

Hatua ya 3: Chagua fremu kabla ya lenzi

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na ndipo wengi wanapokimbia. Tazama ndani ya mkono wa fremu. Utaona namba kama 54 na 18: upana wa lenzi moja ni milimita 54, na daraja la pua ni 18. Jumlisha, unapata 72. Linganisha na umbali wa mboni zako. Kama mboni zako zina umbali wa 62, kila lenzi italazimika kusogezwa milimita 5 kuelekea puani ili kitovu chake kikae mbele ya mboni. Milimita hizo 5 zinaongezeka upande wa nje, na upande wa nje ndiko lenzi hasi inakonenepa.

Tuchukue jicho la −5.50. Unene wa ukingo wa nje, kwa makadirio:

- Fremu ya 54 na 18, lenzi ya kawaida ya 1.50: karibu milimita 7.6.
- Fremu hiyo hiyo, lenzi ya 1.67: karibu milimita 5.5.
- Fremu ya 46 na 18, lenzi ya kawaida ya 1.50: karibu milimita 5.2.
- Fremu ya 46 na 18, lenzi ya 1.60: karibu milimita 4.1.

Angalia mstari wa pili na wa tatu. Lenzi ya bei ya chini ndani ya fremu ndogo imekuwa nyembamba kuliko lenzi ya bei kubwa ndani ya fremu kubwa. Duka linaloanza na lenzi kabla ya fremu linakuuzia dawa ya ugonjwa ambao fremu ingeuzuia.

Tafuta fremu yenye sifa hizi:

- Upana wa lenzi ukijumlishwa na daraja usizidi umbali wa mboni zako kwa zaidi ya milimita 4.
- Umbo la duara au yai. Pembe kali za chini na za nje zinaongeza unene bure.
- Iwe imezunguka lenzi yote, na ikiwezekana ya plastiki nene ili kuficha ukingo wa lenzi nzito. Fremu za waya wa chini au za kutobolewa matundu zitaonyesha wazi kwamba upande mmoja ni mnene.
- Ikae karibu na jicho bila kope kugusa lenzi. Kuisogeza milimita 3 tu karibu zaidi kunapunguza utofauti wa picha kwa kama asilimia 1 katika mfano wetu, na hakugharimu kitu.
- Vishikizo vya pua vinavyorekebishika. Lenzi moja ni nzito kuliko nyingine, na miwani itataka kulalia upande huo.

Fremu ya mtumba wa soko la Kiboriloni au Kilombero inaweza kufaa, na nyingine ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Mwombe fundi aikague kwanza: plastiki iliyozeeka hupasuka ikipashwa moto wakati wa kuingiza lenzi, na fundi hatalipa.

Hatua ya 4: Chagua malighafi kwa kufuata jicho zito

Namba kama 1.50 au 1.67 inaonyesha jinsi lenzi inavyopinda mwanga. Ikiwa kubwa, lenzi inakuwa nyembamba. Namba ya pili, ambayo dukani haitajwi, ni namba ya Abbe: ikiwa ndogo, unaona michirizi ya rangi ukitazama kwa pembeni. Jicho zito, yaani lenye nguvu kubwa zaidi, ndilo linaloiona zaidi.

CR-39, plastiki ya kawaida, yaani 1.50. Abbe 58, picha safi kuliko plastiki zote za kawaida, bei ya chini, inapokea rangi vizuri. Inafaa jicho zito lisipozidi 3.00, au hata 4.00 kwenye fremu ndogo. Haifai kutobolewa, wala haifai kwa mtoto.

1.56. Inauzwa sana kwa sababu ni rahisi kuipata. Abbe yake ni kama 37, unene unapungua kidogo tu kuliko 1.50, na huvunjika kirahisi ikitobolewa. Kwa macho yasiyolingana haina faida ya kutosha. Ukiambiwa "hii ni nyembamba" kisha bei ikawa ya kati, uliza kama ni 1.56 au 1.60. Ni vitu viwili tofauti.

1.60. Abbe 41 au 42, nyembamba vya kutosha, imara, inakubali matundu, na yenyewe inazuia miale ya urujuanimno (UV). Kwa jicho zito la kati ya 3.00 na 7.00, hii ndiyo chaguo letu la kwanza bila kusitasita.

Polikaboneti, 1.59. Haivunjiki kirahisi, ni nyepesi, inazuia urujuanimno. Lakini Abbe yake ni 30. Ukitazama milimita 10 nje ya kitovu cha lenzi ya −5.50, michirizi ya rangi ni karibu mara mbili ya ile ya CR-39. Ichague kwa usalama: mtoto, dereva wa bodaboda, mchomeleaji, mchimbaji wa Mirerani, na mtu yeyote ambaye jicho lake moja tu ndilo linaloona vizuri. Huyo wa mwisho asivae kitu kingine, kwa sababu hana jicho la akiba.

Trivex, 1.53. Imara kama polikaboneti, nyepesi kuliko zote, Abbe karibu 44. Ni nene zaidi kidogo. Ukiipata kwa bei unayoimudu, ni bora kuliko polikaboneti kwa mtoto asiyezidi 4.00.

1.67 na 1.74. Abbe 32 na 33. Zinafaa jicho zito likivuka 7.00. Chini ya hapo unalipia nusu milimita. Na 1.74 ni nzito kwa ujazo wake kuliko 1.60, hivyo wembamba haugeuki wepesi moja kwa moja.

Kioo halisi. Hakikwaruziki kirahisi na picha yake ni safi, lakini uzito wake kwa ujazo ni karibu mara mbili ya CR-39. Kwenye macho yasiyolingana, upande mmoja utavuta miwani chini siku nzima.

Onyo kuhusu maneno ya mauzo: kwa macho hasi, lenzi nyembamba zaidi haiondoi utofauti wa ukubwa wa picha. Inabadilisha mwonekano wa miwani tu. Kwa macho chanya hali ni tofauti kidogo. Lenzi chanya hukuza picha pia kwa unene wake na kwa tumbo lake la mbele, kwa hiyo 1.60 ya asferiki, yenye uso wa mbele uliolala, husaidia kweli: lenzi ya jicho la +4.00 inakuwa nyembamba na picha yake inasogea karibu na ya jicho jepesi. Mwenye chanya akatae pia lenzi kubwa ya stoki, iliyotengenezwa tayari, inayokatwa tu kuingia kwenye fremu ndogo, kwa maana unene wa katikati unabaki ule ule wa lenzi kubwa. Aombe isagwe kwa kipimo cha fremu yake.

Hatua ya 5: Malighafi moja pande zote mbili

Kuna mafundi watakaopendekeza 1.67 upande mzito na 1.50 upande mwepesi ili kuokoa pesa. Kwa hesabu ya unene tu, wazo si baya. Linaharibika machoni pa watu. Lenzi mbili tofauti zinarudisha mwanga tofauti: uso wa 1.50 hurudisha kama asilimia 4, wa 1.67 kama asilimia 6, kwa hiyo jicho moja litaonekana linang'aa kuliko jingine. Moja inaweza kuwa na unjano kidogo. Ukitaka kutia rangi, CR-39 itainywa haraka na 1.67 polepole. Usalama nao unakuwa wa upande mmoja.

Agiza jozi, malighafi moja, kampuni moja, utando mmoja. Lenzi moja ikivunjika baadaye na utando wake ukawa wa rangi tofauti ya mng'ao, badilisha zote mbili kama uwezo upo.

Hatua ya 6: Utando

*Wa kuzuia mikwaruzo.* Ni lazima kwa plastiki zote, na kwa polikaboneti na Trivex ni lazima mara mbili. Hakikisha uko mbele na nyuma.

*Wa kuzuia mng'ao.* Ukiwa na pesa ya nyongeza moja tu, iweke hapa. Lenzi ya 1.60 isiyo na utando hupoteza karibu asilimia 10 ya mwanga kwenye nyuso zake mbili, na lenzi zinazidi kurudisha mwanga kadiri namba inavyopanda. Mwenye lenzi nzito upande mmoja huonekana na pete nyeupe zinazozunguka ukingo huo. Utando unazififisha, na ukimwomba fundi ang'arishe ukingo kidogo bila kuufanya kioo, zinafifia zaidi. Anayeendesha barabara ya Moshi kwenda Arusha usiku ataona tofauti kwenye taa za malori yanayokuja.

Uliza kama utando huo una tabaka la juu linalofukuza maji na mafuta. Bila hilo, jasho na vumbi hunata, unafuta mara nyingi, na kufuta ndiko kunakoua utando.

*Wa urujuanimno.* Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miale hii huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kinga inahitajika. Lakini polikaboneti, 1.60 na 1.67 tayari zinayo ndani yake. Lipia nyongeza hii kwenye CR-39 tu.

*Wa mwanga wa bluu.* Usilipie kwa ajili ya uchovu wa macho. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya tafiti za tiba, ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba unapunguza uchovu wa kompyuta kwa muda mfupi. Kuna sababu ya pili inayokuhusu wewe: aina ambayo kichujio kimechanganywa ndani ya plastiki yenyewe huonekana ya njano zaidi pale lenzi ilipo nene. Jicho moja litakuwa na unjano kuliko jingine.

Hatua ya 7: Lenzi zinazogeuka rangi juani

Uliza swali moja: "Fundi, rangi iko ndani ya lenzi nzima au juu ya uso tu?" Nyingi za bei ya chini, hasa za 1.56, na zile za kioo za zamani, zina rangi ndani ya lenzi nzima. Zikiwa juani, sehemu nene inakuwa nyeusi zaidi. Lenzi ya −5.50 itapata pete nyeusi pembeni na katikati kutakuwa kweupe, huku ya −1.50 ikiwa na rangi sawasawa. Kwa macho yasiyolingana, chukua zenye rangi kwenye uso peke yake, zote mbili za toleo moja.

Zaidi ya hapo, kumbuka kwamba hazigeuki vizuri ndani ya gari, kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha. Dereva anayerudi Arusha jioni, jua likiwa mbele yake, atafaidika zaidi na miwani ya pili ya jua yenye nguvu yake. Na baridi huzifanya ziwe nyeusi zaidi na zichelewe kurudi: mwongoza wageni anayeingia kwenye hema huko juu Kilimanjaro asishangae akibaki gizani kwa dakika kadhaa.

Hatua ya 8: Kama unahitaji za kusomea pia

Bifokali (lenzi yenye sehemu mbili, ya mbali na ya kusomea) na progresivu (ambayo nguvu hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini) zinakulazimisha kutazama chini ya kitovu cha lenzi. Hapo kila jicho linasukuma picha kwa kiasi chake. Hesabu ni rahisi: zidisha tofauti ya nguvu kwa sentimita ulizoshuka. Tofauti ya 4.00, ukishuka milimita 8, ni 4.00 × 0.8, yaani prizimu 3.2 za juu na chini (prizimu ni kipimo cha jinsi picha inavyosukumwa). Wengi huanza kushindwa ikifika kati ya 1.5 na 2, na dalili yake ni mistari ya gazeti kupandana.

Suluhisho letu la kwanza ni miwani miwili: wa mbali, na mwingine wa kusomea pekee, vitovu vyake vikiwa vimeshushwa na kusogezwa kwa ajili ya kusoma. Ni nafuu na unafanya kazi. Ukitaka lazima mmoja, kuna lenzi ya bifokali inayosagwa prizimu sehemu ya chini upande mmoja ili kusawazisha. Huagizwa maalumu na huchukua muda. Progresivu kwa mwenye tofauti kubwa ichague ya njia fupi (kutoka sehemu ya mbali hadi ya kusomea), na dai utaratibu wa kurudishiwa kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Agiza kwa maandishi

Kwenye risiti yaandikwe haya, kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

"Lenzi zote mbili 1.60 asferiki, kampuni moja. Utando wa mikwaruzo na wa kuzuia mng'ao mbele na nyuma. Umbali wa mboni kulia 30.5, kushoto 32.5. Urefu wa kitovu kwa kila jicho upimwe fremu ikiwa usoni. Zisagwe kwa kipimo cha fremu."

Urefu wa kitovu, yaani kimo chake kutoka chini ya fremu, husahaulika sana. Fundi akitumia rula mezani bila kukuvisha fremu, mwombe aanze upya, kwa upole lakini uombe. Kosa la milimita 3 kwenye jicho la −5.50 ni prizimu 1.65, wakati kwenye −1.50 ni chini ya 0.5. Jicho zito halisamehi.

Hatua ya 10: Kagua kabla ya kuondoka nayo

1. Omba ipimwe kwenye lensometa mbele yako. Kupishana kwa 0.12 kunakubalika. Cheti kikisema −5.50 na mashine ikasoma −5.25, irudishe.
2. Hakikisha kulia ni kulia. Lenzi kubadilishana upande hutokea.
3. Shika miwani chini ya taa ya dari. Mng'ao unaorudi uwe hafifu na wa rangi moja, kijani au bluu, kwenye lenzi zote mbili na nyuso zote nne.
4. Ivae, inamisha kichwa, tikisa. Ikilalia upande mzito, vishikizo vya pua virekebishwe hapo hapo.
5. Soma maandishi madogo, kisha tembea hadi mlangoni na ushuke ngazi kama ipo.

Jipe wiki 1 hadi 2 za kuzoea, ukiivaa tangu asubuhi. Jifunze kugeuza kichwa badala ya macho: ukitazama katikati ya lenzi, matatizo mengi ya tofauti hayajitokezi.

Kwa usafi, suuza kwanza kwa maji kuondoa vumbi, tia tone la sabuni ya vyombo, suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini. Kufuta kavu kwa shati au khanga ni kusaga mchanga juu ya utando. Usiiache juu ya dashibodi: plastiki hutanuka kwa joto kuliko utando, na utando hupasuka nyufa ndogo ndogo kama wavu. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huharibu polikaboneti.

Ikikusumbua

*Sakafu inainama, milango inaonekana imepinda.* Kawaida kwa siku za mwanzo. Ikivuka wiki 2, pima tena AXIS na uulize kama miwani inaweza kusogezwa karibu zaidi na macho.

*Unaona viwili, kimoja juu ya kingine.* Hii si ya kuzoea. Angalia urefu wa vitovu kwanza. Kama viko sawa na tatizo linatokea ukisoma tu, rudi hatua ya 8. Kama linatokea hata ukitazama mbali, rudi kwa aliyekupima.

*Michirizi ya rangi kwenye kingo za taa.* Malighafi yenye Abbe ndogo, au kitovu kilichokaa mbali na mboni. Cha pili kinarekebishika bila kununua upya aina nyingine, hivyo kianze hicho.

*Miwani inateleza upande mmoja.* Uzito. Vishikizo vya silikoni, na mkono wa upande mzito upindwe zaidi nyuma ya sikio.

*Lenzi moja nyeusi kuliko nyingine juani.* Rangi iko ndani ya lenzi nzima, au ni matoleo mawili tofauti. Haina matengenezo. Kama risiti ilisema toleo moja, dai.

*Utando unamenyuka ukianzia ukingoni.* Mara nyingi uliwekwa vibaya, au lenzi imebanwa mno na fremu. Mwombe fundi alegeze skrubu na aangalie kama nyufa zinaanzia pale fremu inapobana.

*Unaona vizuri kwa kila jicho peke yake, lakini ukifungua yote mawili unachoka.* Ziba jicho moja kwa kiganja unaposoma, dakika 10. Uchovu ukiondoka, nguvu za lenzi huenda ziko sawa na kinachogomba ni ukubwa wa picha. Beba miwani na risiti, rudi kwa mpima macho, na umwambie jaribio hilo ulivyolifanya. Hapo mazungumzo yatakuwa ya lenzi za kuvaa ndani ya jicho, au ya kupunguza nguvu ya upande mmoja kwa makusudi, uamuzi ambao ni wa mpima macho na wewe, na haufanywi kwenye kaunta.